Maji ya Kinjeketile: Je, Ulimwengu Ungekuwa Bora Bila Dini?

Utangulizi

Kila tunapofundisha Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka wa 1969, huzuka swali moja nje ya yale ya kawaida kuhusu maudhui, wahusika na mbinu za uandishi. Mwanafunzi huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, si afadhali kusingekuwa na dini kabisa?" Swali hili si utovu wa adabu. Aidha, limepata uzito zaidi tangu mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya waumini waliohubiriwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Mwokozi wao. Mwanafunzi aliyeyasikia hayo redioni, kisha akasoma habari za wapiganaji walioyakabili marisasi wakitumainia maji, huona kisa ni kile kile.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Hussein hakuandika tamthilia ya kuipinga dini wala ya kuitetea. Anatuonyesha imani moja ikifanya kazi mbili, kujenga na kuangamiza, na kutuelekeza tutazame ni wakati gani imani hugeuka kuwa hatari.

Hali kabla ya maji

Mhakiki anayeanza na maji huwa ameruka mwanzo wa kisa. Tamthilia inapoanza, hakuna maji bado. Kuna wanawake wanaozungumzia njaa, na kuna wanaume wanaofanyishwa kazi katika mashamba ya Wajerumani huku mashamba yao yakigeuka mapori. Haya yanaafikiana na historia. Utawala wa Wajerumani uliwalazimisha watu wa kusini mwa Tanganyika kulima pamba na kulipa kodi, na ndiyo sababu vita vilipozuka mwezi wa Julai 1905, kitendo cha kwanza cha Wamatumbi kilikuwa kung'oa mipamba.

Tukiondoa dini katika tamthilia hii, basi, njaa inabaki, kodi inabaki, na kiboko cha mnyapara kinabaki. Kinachotoweka ni kitu kimoja tu: sababu ya Wamatumbi, Warufiji, Wazaramo na wengineo kujiona kuwa watu wa nyumba moja. Kabla ya Hongo kumteremsha Kinjeketile mtoni, watu hawa wanataka kupigana lakini hawaaminiani, na kila kabila linamtazama jirani yake kwa jicho la kando. Maji ndiyo yanayoubomoa ukuta huo. Hapa maji ni jazanda ya umoja kabla ya kuwa dawa ya kuzuia risasi. Mwanafunzi anayesema kwamba imani katika tamthilia hii ni ushirikina mtupu hana budi kueleza ni kitu gani kingine katika mazingira yale kingaliwaunganisha watu hao kwa muda mfupi namna ile.

Imani inapokosa swali

Hata hivyo, hatuwezi kuyafumbia macho madhara. Watu wanakufa, na wanakufa wakiamini kwamba risasi itageuka maji. Mwenye kuitetea dini asikimbilie umoja ili aikwepe maiti.

Ni lini basi maji yanaanza kuua? Kwa maoni yetu, jibu limo katika tukio ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Kinjeketile, akiwa bado amepagawa na pepo, anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozindukana na kuyatafakari maneno hayo, anashtuka. Je, wamtoe Mjerumani ili watawaliwe na sultani wa Unguja? Kuanzia hapo anaingiwa na shaka kuhusu aliyemtuma, kuhusu ujumbe wenyewe, na kuhusu maji. Anataka watu wangoje. Lakini watu hawataki tena kungoja. Neno alilolitoa limekuwa kubwa kuliko yeye, na sasa linakwenda kwa miguu yake lenyewe.

Hiki ndicho kinaya kikuu cha tamthilia. Mtu wa kwanza kuitilia shaka imani ni nabii wake, na shaka yake haina pa kusemewa. Wapiganaji wanahitaji uhakika, naye Kitunda, kiongozi wa jeshi anayetegemea mafunzo na mipango, anahitaji wapiganaji wenye moyo. Swali la Kinjeketile linazimwa na mahitaji ya kila mmoja. Hivyo basi, maji hayakuua kwa kuwa yaliaminiwa. Yaliua pale ilipokuwa haiwezekani tena kuuliza, hata kwa yule aliyeyaleta.

Mtihani wa pande zote

Msomaji anaweza kutukatiza hapa na kusema: kutoulizwa ndiyo tabia ya dini; iondoeni dini na maswali yatarudi. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Anayedai kwamba amri yake imetoka juu huwa amejipa kinga ambayo chifu au mbunge hana. Katika Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka wa 1977, tajiri Kĩoi hamnyang'anyi Kĩgũũnda shamba lake dogo kwa bunduki. Kisa kinaanza kwa kumshawishi afunge ndoa kanisani. Harusi inazaa mkopo, na mkopo unameza shamba. Hapo dini imekuwa mlango wa wizi.

Lakini tuutumie mtihani huo huo kwa upande wa pili. Makadirio ya waliokufa katika Vita vya Maji Maji, vilivyoendelea hadi mwaka wa 1907, hutofautiana kutoka watu 75,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi ambazo maji yalishindwa kuzizuia. Waliuawa na njaa, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma vijiji, ghala na mimea mashambani ili watu wasalimu amri. Waliotoa amri hizo hawakunyunyiziwa maji na mganga yeyote. Walikuwa na takwimu, ramani na bunduki za rashasha, pamoja na imani yao wenyewe isiyoulizwa: kwamba wao ndio wastaarabu na wengine ni washenzi.

Isitoshe, kuna nchi iliyojaribu kwa vitendo kuishi bila dini. Albania ilifunga misikiti na makanisa mwaka wa 1967 na kujitangaza kuwa nchi isiyo na Mungu. Maswali hayakurudi. Serikali iliendelea kuwafunga waliouliza, na wengine ikawaua. Kiti cha nabii hakikubaki kitupu. Kilikaliwa na kiongozi wa chama.

Kukataa kwa Kinjeketile

Mwisho wa tamthilia ndio mgumu zaidi. Kinjeketile na Kitunda wako gerezani. Kinjeketile anatakiwa kutamka jambo moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anafahamu kwamba akilitamka, Mjerumani atalipeleka mbali: maji yalikuwa uongo, kwa hivyo umoja ulikuwa uongo, na kupigania haki kulikuwa kosa. Watoto wa kesho watarithi kauli hiyo.

Ifahamike kwamba hapa mwandishi amejitenga na historia kwa makusudi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Hussein amemweka hai hadi baada ya kushindwa ili tukabiliane na swali hili kupitia kwake.

Je, Kinjeketile anaulinda ukweli au anaulinda uongo? Sisi tunaona kwamba anafanya yote mawili, na ndiyo maana mhusika huyu ana uzito wa tanzia. Anaihifadhi sababu ya haki ya watu wake, lakini kwa kuwanyima warithi wao kujua kwamba yeye mwenyewe aliwahi kushuku. Umoja unaendelea kuishi, na shaka inazikwa pamoja naye. Anayemsifu bila kuitaja gharama hiyo ameisoma nusu ya tamthilia, sawa na anayemlaumu bila kuutaja umoja.

Darasani

Mwalimu mwenzangu, katika darasa lako wameketi mtoto wa mchungaji, mtoto wa maalimu na mtoto ambaye nyumbani kwao dini imekwisha kutajwa kwa machungu. Ukiwaambia kwamba tamthilia hii inathibitisha dini ni upumbavu, utakuwa umewafunga midomo wawili. Ukiwaambia kwamba maswali kama hayo hayaulizwi, utakuwa umefanya darasani kile kile kilichofanywa na umati mbele ya Kinjeketile.

Badala yake, wape maswali yanayoweza kujibiwa kwa ushahidi wa matini. Nani ananufaika na imani hii? Nani anaruhusiwa kuifasiri? Nini humpata anayeishuku? Maswali haya matatu yanafaa kwa Hongo, kwa Kĩoi, kwa Mjerumani na kwa Shakahola pia. Mwanafunzi anayeyazoea hatalazimika kuiacha dini ya wazazi wake ndipo ajikinge. Atamtambua mapema mtu anayemwambia asiulize.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuiondoa dini katika Kinjeketile hakuiondoi dhuluma, na kwamba imani isiyoulizwa huweza kuua hata pasipo jina la Mungu. Swali la mwanafunzi wetu, kama dunia ingekuwa bora bila dini, halijibiwi na tamthilia hii kwa ndiyo wala la. Linalojibiwa ni lile la karibu nalo: imani ikimkataza hata nabii wake kusema "ngojeni", wanaoifuata wamo hatarini. Tulifundishe hilo waziwazi, kwa maana wanafunzi wetu watakutana na wenye maji yao muda mrefu baada ya mtihani wa taifa.