Kamisheni Nzuri Hujulikana Mzigo Ukirudi

Anayetaka kujua kama ubia wa kamisheni una uzito asianze kwa kuuliza asilimia. Aulize hivi: mteja akirudisha blenda kwa sababu imekataa kuwaka, nani analipa nauli, nani anarudisha pesa, na baada ya siku ngapi? Kampuni ikitoa jibu fupi lililoandikwa, endelea kusoma mkataba. Ikianza kukusimulia habari za vijana walionunua magari, kata simu.

Swali hilo lina maana popote, lakini Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, lina makali zaidi. Mwenye tovuti kule London anayeweka linki ya viatu hamjui anayenunua, wala hatamwona maishani. Anayeuza kwa linki Gatwekera au Kawangware 46 anawauzia majirani wa ploti yake, wenzake wa chama, na watu anaosali nao. Linki anaiweka kwenye statasi ya WhatsApp asubuhi. Soli ikibanduka, malalamiko hayaendi kwa ofisi ya huduma kwa wateja. Yanabisha mlangoni saa moja jioni, watoto wakiwa wanakula. Kampuni inawekeza bidhaa, yeye anawekeza jina lake. Ubia usiothamini jina hilo ni mbovu hata ukilipa asilimia 20.

Wengi hudhani kazi hii ililetwa na intaneti. Kweli Amazon ilianzisha mpango wake wa washirika 1996, na mipango mingi duniani imefuata mfano huo. Lakini Nairobi ilijifunza ufundi wa kamisheni kwenye kibanda cha M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa Machi 2007, na mpaka leo sijaona shule bora kuliko hiyo. Simama mbele ya kibanda chochote pale Makina, Kibera, utazame. Bango la ada liko ukutani, na mteja analisoma akiwa foleni. Akiweka pesa halipi kitu, kwa maana wakala analipwa na kampuni. Akitoa, ada inakatwa na mtambo, wala wakala hana ruhusa ya kuongeza yake juu. Kwa miaka mingi kulikuwa na daftari pia, lenye namba ya muamala, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi ya mteja, mstari kwa mstari, kurasa zimekunjamana kwa jasho la vidole. Daftari lile lilifanya kazi ya mkataba, risiti na shahidi kwa pamoja. Wakala na mteja wakikosana kuhusu shilingi 500, hakuna aliyehitaji kupaza sauti.

Lakini shule hiyo hiyo inaonyesha ufa ulipo. Kamisheni ya kuweka pesa hupangwa kwa madaraja, na mawakala wajanja waligundua kwamba pesa za mteja mmoja zikiingizwa vipande vipande, kamisheni inaongezeka. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, imeupiga marufuku mgawanyo huo. Lakini usiwacheke mawakala. Jedwali lenyewe ndilo lililowafundisha. Mwenye jicho la kazi hii hutazama jedwali la malipo kabla ya kutazama bidhaa, akajiuliza: mtu mwenye njaa, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa tarehe 5, atafanya nini akipewa jedwali hili? Jibu likiwa ni kumdanganya jirani, basi ubia umeshakuwa mbovu kabla ya mtu yeyote kukosea.

Kitu cha pili cha kujifunza hapo ni minyororo. Zamani wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Julai 2014, baada ya malalamiko ya mtandao wa Airtel, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiamuru Safaricom iondoe sharti hilo. Kwa hiyo ukikuta mkataba unaokukataza kuuza bidhaa za mwingine, angalia unalipwa nini badala yake. Mshahara? Mafuta ya bodaboda? Kama hakuna kitu, wewe ni mwajiriwa asiye na mshahara, na kampuni inajua.

Chukua sasa Jumia, duka la mtandaoni lililoanza Nigeria 2012, likaingia Kenya mwaka uliofuata. Mpango wake wa JForce uliwapa watu wa mitaani kazi ya kuagiza kwa niaba ya wateja wasio na intaneti, au wanaoogopa kununua kitu wasichokishika. Kwa mtaa kama Kawangware wazo lenyewe ni safi: msusi ana simu, mteja ameketi mbele yake saa tatu nzima akisukwa, na picha za bidhaa zinapita kiganjani. Lakini Agosti 2019, baada ya tuhuma zilizoanzia Nigeria, kampuni yenyewe ilieleza ilichokuta katika uchunguzi wake. Baadhi ya mawakala na wauzaji walishirikiana na wafanyakazi kuvuna tofauti kati ya kamisheni waliyotozwa wauzaji na kamisheni kubwa zaidi waliyolipwa mawakala. Ilisema miamala hiyo ilifikia takriban asilimia 1 ya thamani ya mauzo ya 2018 na ya robo ya kwanza ya 2019. Soma tena sentensi ile ya tofauti ya kamisheni. Bidhaa iliyoiletea kampuni shilingi 50 ilimlipa wakala zaidi ya 50. Pengo la namna hiyo halikai wazi muda mrefu kabla ya mtu kuliona. Kwa hiyo kamisheni nono isiyolingana na faida ya bidhaa haifai kukufurahisha. Ama ni kosa la hesabu litakalorekebishwa bila taarifa, ama kuna mtu mwingine anayelipia.

Sasa taarifa ya malipo, ambayo kwangu ndiyo kipimo cha pili baada ya mzigo kurudi. Taarifa nzuri ina kila oda na namba yake, tarehe, bei, na hali yake: imelipwa, inasubiri, imekataliwa. Iliyokataliwa ina sababu. Taarifa mbovu ina jumla moja tu chini ya ukurasa. Tuchukue mfano wa kubuni wa sufuria za shilingi 2,000 kwa kamisheni ya asilimia 5. Umeagizisha kumi na unajihesabia 1,000. Mbili zimekataliwa mlangoni, moja imerudishwa kwa ufa, zimebaki saba: 700. Sheria ya Fedha ya 2023 iliitaja waziwazi kamisheni ya linki kati ya mapato ya watengeneza maudhui, ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 (pendekezo la kwanza lilikuwa 15, kelele zikawa nyingi). Zinabaki 665. Toa bando la mwezi, toa nauli ya kufuata mizigo kituoni, halafu uniambie saa moja ya kazi yako imelipwa ngapi. Kampuni yenye adabu inakufanyia hesabu hii kabla hujajiunga. Isiyo nayo inakuonyesha ile 1,000.

Uliza pia linki inakumbuka kwa muda gani. Mteja akibonyeza leo na kununua Ijumaa mshahara ukiingia, wewe umo? Kwa kawaida Amazon huhesabu saa 24 tu, jambo linalomfaa Mmarekani mwenye kadi ya benki kuliko kibarua wa Riruta anayefikiria blenda wiki mbili. Na wawili wakimgombania mteja mmoja? Mama wa Lindi, Kibera, ameeleza bidhaa wiki nzima, akaonyesha yake, akaiwasha. Dakika ya mwisho mteja anabonyeza linki ya kijana mwingine kwa sababu ina punguzo la shilingi 50. Mifumo mingi humpa wa mwisho kila kitu. Udhaifu huo uliwahi kufanywa mtaji Marekani: Shawn Hogan, aliyekuwa mshirika mkubwa kuliko wote wa eBay, alipandikiza alama za linki zake kwenye vivinjari vya watu ambao hawakubonyeza chochote, akavuna kamisheni za mauzo asiyoyaleta. Alifungwa 2014. Kampuni inayojua kazi yake hukueleza inavyozuia wizi wa aina hiyo hata kabla hujauliza, kwa sababu unaoibiwa ni jasho lako.

Sheria za mchezo zinaweza kubadilishwa lini? Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, Amazon ilishusha kamisheni ya fanicha na vifaa vya nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3. Kama washirika wa Amazon walikatwa hivyo, tafuta kifungu cha notisi kwenye mkataba wako. Siku thelathini ni heshima. "Wakati wowote" ni onyo.

Tena kuna suala la nani ameshika pesa ya mteja kati ya oda na mzigo. Copia ilianza Kenya 2013 kwa ufundi ninaoupenda: wenye maduka na saluni, hasa vijijini na pembezoni mwa miji, wakawa mawakala. Mteja anachagua kwenye katalogi, wakala anaagiza, mzigo unaletwa dukani. Ilichangisha mamilioni ya dola, na bado Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Hakuna wakala anayeweza kuona kifo cha kampuni kikija. Anachoweza ni kukataa kupokea fedha taslimu za mteja mkononi. Mteja alipe moja kwa moja kwenye till ya kampuni, au alipe mzigo ukifika. Ukipokea wewe, siku ya msiba deni ni lako, maana jirani hamjui mfilisi, anakujua wewe.

Kamari niiseme bila kuzunguka. Mipango mingi ya washirika wa kamari hulipa mgao wa mapato, na mapato yenyewe ni hasara ya uliowaleta. Kijana uliyemwalika pale Congo, Kawangware, akipoteza, unakula. Akishinda, unalala njaa. Huwezi kumtakia mema mtu ambaye mkataba wako unamtakia mabaya. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha ikaja na mwongozo uliowakataza watu mashuhuri kuyanadi. Mwongozo huo huenda usimguse sana yule mwenye wafuasi mia nne wa ploti, lakini hoja ni ile ile. Kwa kipimo changu ubia huu unaanguka hata kampuni ikiwa na leseni, ikilipa kwa wakati na taarifa zake ziking'aa.

Kwa upatu sitatumia maneno mengi. Pesa ikitoka kwa mnunuzi wa bidhaa, hiyo ni biashara. Ikitoka kwa anayejiunga baada yako, ondoka. Amazon Web Worker Africa, isiyohusiana na Amazon yoyote zaidi ya kuazima jina, ilitoweka mapema 2022 na pesa za Wakenya. Ilidai amana kabla ya kazi. Ubia halali wa linki hauna kiingilio.

Upande wa muuzaji una ufundi wake, na kampuni nzuri nayo inachagua. Muuzaji mahiri husema wazi kwamba analipwa. "Nikikuuzia hii napata mia" ni sentensi inayouza kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mteja alikuwa anajiuliza hilo tangu mwanzo. Hapigi picha ya mteja na kuirusha bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno: Desemba 2022 Oppo Kenya ilitozwa faini ya shilingi milioni 5 katika kesi ya kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ruhusa yake, na 2023 klabu moja ya Nairobi ikatozwa kwa kosa la aina hiyo. Pia muuzaji mahiri ana bidhaa chache. Ukiona statasi moja ina krimu, viatu, mkopo wa simu, dawa ya kupunguza tumbo na tikiti za ndege, huyo hajagusa hata kimoja kati ya hivyo. Muuzaji wa kutegemewa pale soko la Toi ana vitu vitatu au vinne, anajua ni saizi gani ya viatu hubana, na anathubutu kumwambia mteja asubiri toleo lingine. Meneja wa kampuni anayekasirishwa na neno hilo la "subiri" hajui anachokipoteza.

Kabla ya kutia sahihi, omba namba za mawakala watatu. Kampuni itakupa ya nyota wake, ambaye amezoea kupigiwa simu. Mshukuru, kisha uwatafute wengine mwenyewe: mtu wa Stage 2, Kawangware, aliyeacha mwaka jana, dada wa Olympic, Kibera, aliyehamia kampuni nyingine. Waulize kama kamisheni zilizokuwa zinasubiri walipotoka zililipwa, na kama bado kuna mteja anayewadai mzigo.