Fundi wa Ukungu

Ukungu wa penisilini hauharakishwi. Hupandwa juu ya mchuzi wa sukari na chumvichumvi, ukaachwa siku kama kumi. Utando mweupe hutanda, hugeuka kijani, kisha vitone vya manjano huchomoza juu yake. Mwaka 1928, jijini London, Alexander Fleming aliona kuwa una kitu kinachoua bakteria, yaani penisilini. Kukitoa kitu hicho ndiko kulikowashinda watu: kipashe moto, kinaharibika, kitie asidi, kinaharibika, kiache tu, nguvu zinakiishia.

Huko Oxford, mwaka 1940, kazi ilimwangukia Norman Heatley, mwanabiokemia mwenye mikono ya fundi. Aliuchuja mchuzi, akaupoza sana, akautia asidi, akautikisa pamoja na etha. Penye asidi, penisilini huyahama maji ikaingia kwenye etha, na taka nyingi hubaki nyuma. Lakini itatokaje humo ikiwa salama? Heatley akairudisha majini, safari hii maji yenye alkali kidogo, nayo ikarudi nzima. Jambo jepesi, ukishaambiwa.

Vyombo vya kuoteshea ukungu navyo havikuwapo. Vita vilikuwa vimepamba moto. Walijaribu hata makopo ya biskuti. Kilichofaa zaidi kilikuwa bakuli la mgonjwa kujisaidia kitandani: pana, lenye kina kifupi, kwa kuwa ukungu huu hutaka hewa. Heatley akachora la kwake la mstatili, likafinyangwa Burslem kwa mafundi wa vyombo vya udongo. Tarehe 23 Desemba 1940 akaenda mwenyewe kuyachukua 174 ya kwanza. Siku ya Krismasi alikuwa anapanda ukungu.

Mimi hunivutia zaidi mtambo wake wa kutolea penisilini. Kiunzi kilikuwa kabati kuukuu la vitabu kutoka maktabani. Juu chupa zimepinduliwa, chini mirija ya kioo na ya mpira. Taa za rangi na kengele ya mlangoni zilimjulisha chupa gani inataka kubadilishwa. Asidi ilikutana na mchuzi dakika za mwisho kabisa, ili penisilini isikae nayo ikaharibika. Mwishoni ilibaki unga wa kahawia, kidogo mno.

Februari 1941 polisi Albert Alexander, aliyeoza kwa usaha, alichomwa dawa hiyo akaanza kupata nafuu. Mkojo wake ulikingwa, ukapelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini ikatolewa upya na kurudishwa mshipani mwake. Baada ya siku chache ikaisha. Alifariki tarehe 15 Machi. Wagonjwa waliofuata wengi walikuwa watoto, kwa sababu mwili mdogo hutaka dawa kidogo.