Kurasa za Kabla ya Wimbi

Kumbukumbu za wazee wa Hawaii walionusurika na tsunami aghalabu husomwa kwa pupa. Msomaji anataka maji. Mkusanyo wa mahojiano uliotolewa na Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 2000 unampa maji hayo, lakini kwanza unampitisha utotoni mwa wasimulizi: wazazi walitoka nchi gani, walifanya kazi gani, waliishi na nani. Wapo wanaoziona kurasa hizo kama kichaka cha kupita mbio. Mimi naona ndizo kitabu chenyewe.

Chukua Laupahoehoe, asubuhi ya Aprili 1, 1946. Shule ilikuwa kwenye ulimi wa nchi ulioingia baharini, magenge marefu nyuma yake. Kiasi cha saa tano kabla, tetemeko lilikuwa limetokea mbali kaskazini, visiwa vya Aleutian, na wakati huo hapakuwa na mfumo wa kuwaonya watu. Bahari ilipojivuta, watoto waliteremka kuokota samaki walioachwa mawenyi. Waliopigiwa kelele kwamba bahari inakuja, baadhi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Walikufa watu 24 hapo, wengi wao wanafunzi; Hawaii nzima 159.

Habari hiyo ikisomwa peke yake, wale watoto ni hesabu tu. Ikisomwa baada ya kurasa za mashamba ya miwa, wana kwao. Ni watoto wa kambi: Wajapani huku, Wafilipino kule, Wareno kwingine, kila kundi na ujira wake kwa muda mrefu, kazi ile ile. Baba alijulikana kwa namba iliyochapwa kwenye kisahani cha chuma, waliyoiita bango, na kwa namba hiyo alilipwa na kukopa duka la kampuni. Mimi niliyekulia karibu na mashamba ya mkonge ya Tanga sikuhitaji kuelezwa. Wazee wetu walikuwa na kipande, na mnyapara ni mnyapara popote.

Hapa ndipo nina ugomvi na kumbukumbu za namna hii. Zina sukari mno. Tunaambiwa juu ya chakula cha jirani, sherehe za kambi, milango isiyofungwa. Sisemi ni uongo. Aisifuye mvua imemnyea. Lakini Septemba ya mwaka ule ule wa 1946 wafanyakazi wa miwa, makabila yote pamoja, waligoma siku 79 na kuumaliza utaratibu wa kampuni kuhesabu nyumba na matibabu kuwa sehemu ya ujira. Mtoto aliyeliona wimbi mwezi wa nne aliuona na mgomo mwezi wa tisa. Anayehoji akikimbilia la kwanza na kulipita la pili kwa adabu, ametupa nusu ya mtu.

Na hata kuhusu maji, kumbukumbu si dawa siku zote. Mwaka 1949 mfumo wa tahadhari ulianzishwa. Mawimbi ya 1952 na 1957 yalitanguliwa na onyo, na Hilo haikuona maafa kama ya 1946. Basi Mei 22, 1960, tetemeko kubwa la Chile lilipotokea, ving'ora vya Hilo vililia usiku, saa kadhaa kabla ya wimbi kubwa. Wapo waliobaki nyumbani kwa kuwa mara zilizopita hawakudhurika, na wapo walioshuka ufukweni kutazama. Wimbi lilipiga baada ya saa saba usiku, likaua watu 61. Kurasa hizi ndizo bora kuliko zote, kwa sababu msimulizi halaumu bahari peke yake. Anaeleza alivyopima, alivyosikia nini kwa jirani, kwa nini alivua viatu akalala.

Mtaa wa Waiakea, uliokuwa umejengwa upya baada ya 1946, safari hii haukujengwa tena. Pale palipokuwa na nyumba na maduka pana bustani na nyasi. Shamba kubwa la mwisho la miwa Hawaii, lile la Maui, lilivuna kwa mara ya mwisho mwaka 2016. Anayetaka kujua nani aliishi mlango upi, na alimdai nani, hana pa kwenda ila kurasa zile zinazorukwa.