Hamamu ya Kılıç Ali Paşa: jiwe limepona, watu wako wapi?

Wengi wetu tunaofika Istanbul tunafika kwa ajili ya biashara. Tunazunguka Laleli tukitafuta nguo, tunafunga mizigo, tunarudi Kinshasa ao Lubumbashi bila kuona mji. Safari hii tulibakiwa na siku moja, tukashuka Tophane, karibu na bahari, kuona hamamu ya Kılıç Ali Paşa iliyofunguliwa tena mwaka 2012 baada ya ukarabati wa miaka 7. Wandugu wanatuuliza kama inafaa kutoa makuta yote ile. Tujibu.

Jengo lenyewe halina lawama. Mimar Sinan alilijenga kati ya 1578 na 1583, akiwa mzee wa miaka karibu 90. Ukumbi wa kubadilishia nguo uko na kuba yenye upana wa meta 14 hivi, na juu ni meta 17. Mafundi waliacha matofali mekundu yaonekane, hawakuyafunika na mapambo ya kudanganya macho. Mwanga unapita katika vioo vidogo vya mviringo ambavyo Waturuki wanaviita filgözü, ndio kusema jicho la tembo. Sisi watu wa inchi ya tembo jina hilo lilitufurahisha sana!

Aliyelipa ujenzi anastahili kukumbukwa. Kılıç Ali alizaliwa Calabria, Italia, akatekwa akiwa kijana, akafungwa kupiga makasia katika merikebu. Akasilimu, akapanda cheo mpaka kuwa mkubwa wa jeshi la majini baada ya vita vya Lepanto vya 1571. Hamamu aliijengea mabaharia, pembeni ya musikiti wake. Sisi wa Maniema, ambao mababu zetu walifungwa kamba na kupelekwa pwani, hatuwezi kusikia habari hiyo na kupita tu.

Kuoga kwenyewe kunafuata utaratibu wa zamani. Unavaa kitambaa cha pamba, kama kikwembe chepesi, unakaa kwenye joto mpaka jasho litoke, unalala juu ya jiwe kubwa la marumaru katikati. Kisha wanakusugua na kese, mufuko wa mukono wenye kukwaruza, na uchafu unatoka kwa nyuzinyuzi mpaka unaona haya. Mwisho povu la sabuni, jingi kama wingu. Kwa sababu nyumba ni moja, wanawake wanaingia muchana na wanaume kuanzia jioni. Kwa hiyo tuliingia kwa zamu, bamama kwanza, na tukalinganisha habari kwenye chai.

Shida yetu iko hapa. Mgeni anaona kuba na marumaru, lakini moto haoni. Hamamu ya kale ilisimama juu ya moto: tanuru nyuma ya ukuta, na chini ya sakafu nafasi ya kupitisha hewa moto, iliyoitwa cehennemlik. Neno hilo hata sisi tunalijua: jehanamu. Kuna watu walioishi kwa kuchochea kuni, na watoto yatima wa mjini walilala karibu na tanuru wakati wa baridi. Hamamu ya Zeyrek, ambayo Sinan alimjengea Barbaros Hayreddin Paşa, ilifunguliwa tena mwaka 2023 ikiwa na makumbusho pembeni, na mtu anashuka hata kwenye birika la Wabizanti lililo chini yake. Tunaona njia hiyo ni bora.

Wengine wanalalamika kwamba siku hizi hamamu imegeuka biashara. Hapo hatukubaliani. Kwa desturi ya Waosmani hamamu nyingi zilikuwa mali ya wakfu, na mapato yake yalitunza musikiti na masikini. Watu walilipa toka zamani. Lakini aliyelipa alikuwa jirani. Bibi-arusi aliletwa na wenzake kabla ya ndoa, na mama aliyejifungua aliogeshwa siku ya 40, arobaini ileile inayojulikana kwa Waislamu wa Kasongo. Nyumba zilipopata bomba la maji na bafu, jirani hakuwa na haja tena, hamamu nyingi zikafungwa. Iliyo karibu na Ayasofya, ya Hürrem Sultan, ilikuwa duka la mazulia mpaka wageni wakaifanya ilipe tena kama hamamu, mwaka 2011. Bila watalii, kuba hizi zingeanguka. Pamoja nao, mwanamke wa Tophane mwenye mapato madogo hawezi kuleta binti zake watatu.

Basi, nendeni, kama makuta iko. Lakini siku inayofuata mutafute hamamu ndogo ya mtaa, isiyo na jina kubwa, ambako wazee wanakuja na bakuli na sabuni yao kutoka nyumbani, na maneno ya mtaa yanapita kwa sauti kutoka beseni moja mpaka lingine.