Hongera kwa Watunzaji wa Nyumba ya Stanley

Makumbusho ya nyumba ya Freelan Oscar Stanley, katika mji wa Estes Park milimani Colorado, Marekani, yanastahili pongezi kwa kuonyesha kwamba kazi ya mvumbuzi haiishii kwenye mashine. Stanley, aliyeunda magari ya mvuke pamoja na pacha wake Francis, alifika huko mwaka 1903 akiugua kifua kikuu, akapata nafuu, na mwaka uliofuata akajenga nyumba hii. Kufikia 1909 alikuwa amefungua hoteli kubwa na kituo cha umeme wa maji kwenye Mto Fall, huku magari yake ya mvuke yakipandisha wageni mlimani. Malazi, umeme, usafiri: ukiondoa kimoja, mji wa utalii hausimami.

Wapo watakaosema hoteli yenyewe ni kumbukumbu tosha, tena mwenyewe alikuwa tajiri mwenye kutafuta faida. Faida aliitafuta, kweli. Lakini leo hoteli inavuma zaidi kwa riwaya ya kutisha ambayo Stephen King alipata wazo lake humo, na mgeni aweza kulala pale asijue taa za kwanza za mji ziliwashwa na nani. Nyumba hii inatuonyesha mtu na kazi yake. Anayefika Estes Park aanzie hapa, hotelini aende baadaye.