Matairi ya Ranflati: Yalifaa Gari Gani?

Tairi la kawaida halilibebi gari kwa nguvu ya mpira wake, bali kwa upepo ulioshindiliwa ndani. Na ndiyo maana msumari mmoja ukiutoa upepo huo, mbavu za tairi hujikunja chini ya rimu, zikasuguana na kupata moto, hata tairi zima likaharibika katika masafa mafupi mno. Waundaji wa matairi ya ranflati waliiondoa ila hiyo kwa kuzinenepesha mbavu kwa raba ngumu yenye kustahimili joto, ili upepo ukitoka, mbavu zenyewe zisimame na kuuchukua uzito. Na madhali dereva aweza asitambue kabisa kwamba tairi limeishiwa upepo, ikawa sharti gari liwe na kifaa cha kumwarifu. Chevrolet Corvette ya mwaka 1997 ilitoka kiwandani na vyote viwili, bila tairi la akiba.

Kumwepusha mtu na kupiga jeki usiku kandokando ya barabara kuu, ilhali malori yampita ubavuni, si faida haba. Lakini faida hiyo ina mpaka: aghalabu kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na ubavu wa tairi ukipasuka kwa kugonga shimo, hata masafa hayo hayana dhamana. Basi anayetaka kuamua, na aanze kwa kuupima umbali uliopo baina yake na duka lenye tairi la kipimo chake. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye safari zake ni Mbezi na Posta hana la kuhofu; ama aendaye Nairobi kutoka Mombasa, karibu kilomita 480, akipata pancha mara tu baada ya kuiacha Voi, huenda asifike Mtito Andei, na akifika, asilipate tairi hilo. Kuziba nako kwataka hadhari, maana tairi lililokwenda bila upepo huweza kuwa limeungua ndani pasipo alama ya nje.

Fauka ya hayo, mbavu ngumu hazinyumbuki, na kila shimo la njia huwafikia abiria migongoni.

Kwa rai yangu, matairi haya ni ya mtu wa mjini na barabara ya lami. BMW nyingi zilizokwisha kutumika ng'ambo hutufikia zikiwa na ranflati, bila tairi la akiba wala jeki. Atakayezibadilishia matairi ya kawaida, na anunue spea, jeki na spana ya magurudumu siku iyo hiyo, kabla hajatoka nje ya mji.