Fungu la Mashujaa

Jumamosi moja pale Toi Market nilimwambia muuzaji namtaka Hulk peke yake. Alikuwa amefunga mashujaa wanne kwa raba: Iron Man, Captain America, Thor, na huyo Hulk, ambaye hana mkono wa kushoto. Mia sita. Nikamwambia wale wengine ninao nyumbani, anipe huyu kwa mia mbili. Akaniangalia vile mama mboga humwangalia mtu anayebonyezabonyeza nyanya.

"Boss, hilo ni fungu. Fungu halivunjwi."

Nikatoa mia sita. Ila neno lake lilinikaa kichwani kuliko Hulk mwenyewe. Nimekusanya hivi vitu miaka minne sasa, na sijawahi kupata jina zuri la paketi ya mashujaa wanne, watano au sita ambao kiwanda kimewafungia pamoja. Kumbe ni fungu. Kila mtu aliyewahi kutumwa sokoni analijua: ngumu na nyekundu ziko juu, iliyobonyea iko chini, na bei ni moja.

Paketi hujengwa hivyo hivyo. Iron Man au Spider-Man yuko katikati ya dirisha la plastiki, na kando yake kuna msee ambaye hangenunuliwa akiwa peke yake. Hilo halinisumbui. Kusema kweli ndilo ninalopenda. Vision nilimjua kwenye paketi kabla sijamwona kwenye filamu yoyote. Diwani za hadithi fupi tulizosoma sekondari zilifanya kazi hiyo hiyo: jina kubwa kwenye jalada linamburuta mwandishi usiyemjua, na miaka baadaye ni yule usiyemjua ndiye unayemkumbuka.

Kinachonisumbua kwanza ni uvivu. Hasbro, ambao wamekuwa na leseni ya Marvel tangu 2007, hutumia kalibu moja ya mwili kwa wahusika wengi. Kifua kile kile, mapaja yale yale, kichwa kipya, rangi mpya. Naelewa sababu. Kutengeneza kalibu ni ghali, kuitumia tena ni bei rahisi. Mmoja mmoja hutagundua. Wapange wanne mezani, manze, ndipo unaona umenunua mwanaume mmoja aliyebadilisha nguo mara tatu.

La pili nililiona kupitia mpwa wangu, ana miaka saba. Aliwapanga wale wanne sakafuni akaanza kugawa. Anko ni Thor. Kakake ni Captain. Halafu akanyamaza, akawaangalia waliobaki.

"Anko, na mimi ni nani?"

Sikuwa na jibu, na wenye viwanda nao hawakuwa nalo. Mwaka 2015, filamu ya Avengers: Age of Ultron ilikuwa na tukio ambapo Black Widow anadondoka kutoka kwenye ndege akiwa juu ya pikipiki. Hasbro wakatoa seti yenye ndege hiyo na pikipiki hiyo, na juu ya pikipiki wakamkalisha Captain America. Mtu alikaa ofisini akaangalia filamu, akamwona mwanamke akiendesha, akaamua mtoto asimwone. Mark Ruffalo, anayeigiza Hulk, aliandika hadharani mwaka huo kuomba bidhaa zaidi za Black Widow kwa ajili ya mabinti zake na wapwa zake. Kwa hivyo mimi na Hulk tuna shida moja, ingawa yeye ana mikono yote miwili.

Huwa tunaambiwa ni biashara tu, vinyago hufuata hadithi. Si kila wakati. Mwaka 1984 Mattel walitaka kuuza mashujaa wa Marvel, na Marvel wakatoa komiki ya matoleo 12 ya kuandamana nao, Secret Wars. Jim Shooter, aliyeiandika, alisimulia kwamba hata jina lilitokana na maneno ambayo Mattel waligundua watoto wanayapenda. Hadithi yenyewe? Nguvu fulani inayoitwa Beyonder inawazoa mashujaa na maadui, inawatupa kwenye sayari moja wapigane. Hiyo ni paketi iliyoandikwa kama hadithi. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia eti nachambua upuuzi wa watoto. Anayepanga fungu anaamua nani yuko kwenye hadithi, na wakati mwingine anaamua kabla hadithi haijaandikwa.

Halafu kuna hila ya Toy Biz, waliokuwa na leseni kabla ya Hasbro. Mwaka 2005 walimtoa Galactus vipande vipande, kila boksi na kiungo chake, ili umpate mzima lazima ununue wote. Hasbro wakaiendeleza. Huku kwetu majitu hayo hufika kwenye gunia la mitumba yakiwa yametawanyika, na mimi nina mguu mmoja wa kulia wa jitu nisilolijua. Nilimlipa mtu shilingi ishirini. Umekaa kwenye dirisha langu kando ya barua ya chuo inayonikumbusha karo ya mwaka wa pili. Mguu mmoja, yuniti kumi na nne. Wakusanyaji wa kweli, wale wasiofungua hata boksi, wangenicheka.

Mpwa wangu aliuona akauliza ni wa nani. Nikamwambia hajulikani, wengine wake hawajafika.

"Basi huyu ndiye mimi," akasema, akausimamisha katikati ya wale wanne. Mguu ulipigana na Thor hadi saa ya chakula, na Thor alipigwa vibaya.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Toi kumtafutia Black Widow. Yule jamaa alikuwa naye mmoja, ndani ya fungu la watano. Wale wanne wengine wote ni Iron Man.